Kisanduku Cheupe cha Tisa na Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Novemba
Nafasi moja ya kudumu katika idara ya hisabati. Moja! Tunaoitaka ni wawili: mimi, na Brazzale, anayevaa skafu hata darasani. Mimi bado ni wa mkataba wa mwaka mwaka, na Mama kashautangazia mji mzima wa Rovigo kwamba mwanawe ni profesa. Profesa Zambelli ataamua baada ya semina yangu ya Ijumaa. Brazzale kwisha habari yake.

Ukutani koridoni pana jedwali la mikunjo ya anga ya vipimo vitatu. Kila kisanduku kina daraja la mkunjo, yaani bapa likiupitia linaukata mara ngapi, na idadi ya matundu yake, maana kwetu wanahisabati mkunjo una matundu kama andazi. Anayeunda mkunjo laini, usiojikata popote, hupaka kisanduku chake wino na kuinunulia ghorofa nzima kahawa. Daraja la tisa, matundu kumi na moja: cheupe. Wanasema ilishathibitishwa zamani kwamba haupo. Watu husema mengi.

Jumanne, 5 Novemba
Nimeupata! Kabla hata ya chakula cha mchana! Kisanduku nimekipaka wino, kahawa wamekunywa wote. Brazzale akanipigapiga begani, akaniuliza, ndugu yangu Ottavio, una hakika haujikati? Wivu huo! Nikamwambia anywe kahawa yake ingali moto.

Alhamisi, 7 Novemba
Unajikata. Lo! Mahali pamoja tu, padogo, pembeni. Nani atapaona? Kisha akili ikanijia. Mbao za kuandikia ukumbini ni mbili, zinapishana juu na chini. Mstari wa hesabu unaonisuta nitauandika upesi, ubao nausukuma juu, wa pili unaufunika. Safi kabisa. Nimelala mchana kwa raha zangu.

Ijumaa, 8 Novemba
Mambo yalianza vizuri mno. Nikaandika, nikasukuma, nikatabasamu. Profesa Zambelli akanyoosha kidole, akasema, mwanangu, hebu niteremshie ule. Nikajifanya umekwama. Brazzale akainuka, mtu wa msaada huyo, akauteremsha bila taabu yoyote.

Profesa akasema kwa upole kwamba mkunjo wangu una matundu kumi na mawili kama wenzake wote wa aina ile, ila moja nimelifinya pale unapojikata, halafu nikaita ugunduzi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Aibu gani ile! Jioni hata cappellacci, tambi za kwetu za kujazwa maboga, nilizirudisha jikoni.

Jumamosi, 9 Novemba
Brazzale kapewa nafasi. Profesa kanipigia simu: nisikate tamaa, mkataba wa mwaka mmoja upo, nimsaidie Brazzale kusahihisha mitihani, ila jibu analitaka leo. Kusahihisha! Mimi!

Nimewaza hadi saa sita mchana, nikagundua kosa liko wapi. Si langu. Anga ya vipimo vitatu ni finyu, ndiyo maana mkunjo wangu ulijikanyaga. Kwenye vipimo vinne utajinyoosha utakavyo! Brazzale anadai huko ndiko kubaya zaidi, daraja la tisa halivuki matundu saba. Kazi kapata, na bado ananionea wivu.

Profesa nimemjibu kwamba mkataba ampe mwingine, mimi nina ugunduzi mkononi. Mama nimemwambia aanze kualika majirani.