Muhuri wa Duka la Yen Mia

Jumatatu, 3 Juni
Mvua. Barua mlangoni. Bibi Uozumi, mama mwenye nyumba, anataka wapangaji tuhame mwisho wa Agosti, abomoe ajenge maegesho. Miaka kumi na tisa chumba namba tano, leo nipishe gari! Sihami. Mdhamini sina, na mji wote huu wa Amagasaki hakuna atakayempangisha mtu wa umri wangu asiye na mdhamini. Jirani wa chini, Bwana Akutsu, anasema atamwona mwanasheria wa bure ofisi ya kata. Maskini. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akutsu ana upara.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda kwa mwanasheria. Kumpeleleza Akutsu tu. Anaitwa Bi Hirosaki, mdogo kuliko viatu vyangu. Akasema sheria iko upande wangu: mpangaji hatolewi kwa sababu tu mwenye nyumba anapenda maegesho. Nilipe kodi, nitulie, nisigonge muhuri wa jina langu, ambao ndio saini yetu, kwenye karatasi yoyote. Nikauliza, halafu? Akasema halafu basi. Basi! Hata mto wangu unaweza kutulia.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeeneza habari kuwa namba tano ina mzimu. Nani ataegesha gari juu ya mzimu? Nikalia kwa sauti ya kike kupitia bomba la bafu. Akutsu akagonga dari kwa ufagio, akapaza sauti kwamba kama ni tumbo ninywe dawa. Mchana wakaja wanafunzi watatu kupiga picha. Bibi Uozumi akawatoza kiingilio. Mzimu mwenyewe sikupewa hata chai.

Jumapili, 9 Juni
Bibi Uozumi kaja na tikitimaji na karatasi: nakubali kuhama. Akapiga magoti mkekani, akaanza: "Bwana Kuramochi, mwanangu, magoti yenyewe ndiyo haya, gonga hapa tupumzike." Nikamkumbuka Bi Hirosaki. Kisha likanijia wazo. Wazo la mwaka! Nina mihuri miwili. Mmoja wa heshima, umesajiliwa ofisi ya kata. Mwingine wa plastiki, wa duka la kila kitu yen mia, wa kupokelea vifurushi. Nikagonga wa plastiki! Ajuza hakushtuka. Karatasi haina nguvu, tikiti langu. Nimecheka mpaka mbegu ikanipalia.

Jumanne, 11 Juni
Nilipita kwa Bi Hirosaki kujisifu. Hakucheka. Alilaza kichwa mezani. Akasema muhuri ni muhuri, hata wa plastiki: jina ni langu, mkono ni wangu, basi nimekubali. Akauliza, kwa matumaini, kama nilitishwa au nilidanganywa, maana hapo pangekuwa na njia. Nikamjibu kwa fahari kwamba mdanganyifu nilikuwa mimi. Akalaza kichwa tena.

Jumamosi, 31 Agosti
Nimehama. Akutsu hakufanya lolote miezi yote hii, kazi ya kijinga kabisa, na bado yuko palepale. Nyumba haibomolewi mtu akiwa ndani, kwa hiyo maegesho yamekufa. Namba tano wamepanga wale wanafunzi, kwa kodi kubwa zaidi. Kwa ajili ya mzimu! Nilipokuwa nikishusha godoro, Akutsu akanipungia ufagio: "Nenda salama, mzimu, na dawa usisahau!" Iliniuma. Nilitazama dirisha langu mpaka kona ya mtaa.

Sasa niko kwa dada yangu Mitsue, nalala stoo, ubavuni mwa gunia la mchele. Kabla hata sijavua viatu kanipa karatasi: nitaosha vyombo kila siku, na nitaondoka kabla ya Mwaka Mpya. Eti nigonge muhuri. Maskini dada, anadhani ana mjinga nyumbani. Nimegonga ule wa plastiki.

Tena safari hii nimeugonga kichwa chini, miguu juu!