Propela Inayong'aa Kuliko Zote

Jumatatu, 4 Machi
Aibu! Shemeji kanipita tena katikati ya maji, boti yake imejaa abiria, ananipungia mkono kama anayemuaga mgonjwa. Boti zetu zimetoka kwa seremala mmoja. Yake inaruka, yangu inatambaa. Na mwenyekiti wa wenye boti katangaza: Jumamosi mimi na Shemeji tutawavusha wauguzi wa hospitali ya ng'ambo. Atakayetangulia ndiye atakayewavusha kila asubuhi. Mke wangu kasema nishinde mimi au kaka yake, kwake ni mamoja. Mke huyo!

Jumanne, 5 Machi
Tumeivuta boti nchi kavu. Fundi wa injini kainama, kacheka. Propela imeota ndevu! Mwani, na vijikonokono vimeng'ang'ania kama kupe. Kasema niikwangue, kisha niipige msasa kwa mkono: wa kukwaruza, wa kati, halafu laini, mpaka iteleze. Penye utelezi viumbe havipati pa kushika. Taratibu tu, kasema. Taratibu! Jumamosi hiyo inakuja mbio.

Jumatano, 6 Machi
Nimesugua panga moja la propela tangu asubuhi. Mapanga ni matatu. Mabega si yangu tena. Shemeji kapita, kajitolea kunisaidia. Nikamwambia ahsante, sina shida. Mpelelezi mkubwa!

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni mali! Nimeazima grenda kwa mchomeleaji wa mageti. Cheche kila upande, shati limetoboka, lakini kabla ya chakula cha mchana kazi imekwisha. Nimeyaona meno yangu ndani ya propela! Fundi kaja, kaipapasa, kasema: "Bwana, mapanga umeyala. Hili nene, hili jembamba. Boti itatikisika." Wivu tu. Nimeiweka juu ya kabati la sebuleni wageni waione hadi Jumamosi. Mke kauliza vyombo vyake viko wapi. Viko chini ya kitanda, salama.

Jumamosi, 9 Machi
Sitaki hata kuandika. Kung'oa nanga tu, boti ikaanza kutetemeka kama chekecheke. Muuguzi mkuu, mama wa makamo, akataka kuniambia neno, meno yakagongana, nikasikia "si-si-si". Nikadhani ni sifa, kumbe ni simama. Nikaongeza moto. Pa! Pini inayoshikilia propela ikakatika, tukabaki tunaelea kama gogo. Shemeji alikwisha fika. Akarudi, akatupa kamba, akatuvuta kwa upole. Angalau angecheka! Muuguzi mkuu akashuka ameshika kiuno. "Mwanangu, mimi nauguza wagonjwa. Usinifanye mmoja wao." Safari za asubuhi kapewa Shemeji.

Jumapili, 10 Machi
Mke kaenda kwa kaka yake kumpongeza. Fundi kasema propela hii imekufa, nitafute nyingine, na nisugue kwa mkono. Shemeji katuma salamu kwamba atakuja tusugue pamoja. Watu hawa hawaoni mbali! Leo nimezunguka boti ya Shemeji, nikachungulia chini. Propela yake ina mapanga manne. Manne! Yangu matatu. Kumbe shida ilikuwa hesabu, si kusugua. Mchomeleaji yuko tayari kuniunganishia la nne. Sinia la chuma la mke wangu lina unene unaofaa kabisa. Nimeshalichora kwa chaki.