Mtihani wa Mjukuu Wangu Usiokuwa na Alama

Kwa Mkuu wa Kituo cha Kupima Ukuaji wa Watoto,

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, ingawa zinakuja zimekunja uso kidogo. Mimi ni bibi yake yule binti wa miaka sita aliyeletwa kwenu Ijumaa kupimwa usonji. Nyumbani tunamwita Mkaguzi, kwa kuwa hapiti mlango bila kuufungua na kuufunga mara tatu. Kabla ya kustaafu nilisimamia mitihani kwa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo mtihani nikiuona naujua. Wenu si mtihani, na malalamiko yangu ni haya:

1. Barua yenu ya mwaliko ilisema hakuna cha kusomea. Mtoto alale vya kutosha, ale, avae nguo isiyomkera, aje na kitu anachokipenda. Basi! Huo ni mtihani au ni kwenda kutembea? Nilipopiga simu kuomba maswali ya miaka iliyopita, mama wa mapokezi alicheka mpaka akaomba radhi. Ikabidi nitunge yangu. Nikabandika ratiba kwenye mlango wa jokofu: Jumatatu salamu, Jumanne kutazama watu machoni, Jumatano kuwa na marafiki. Kwa somo la Jumanne nilijibandika stika ya nyota juu ya nyusi, na mpaka leo mtoto anasalimia mapaji ya watu. Samaki mkunje angali mbichi, Mheshimiwa. Mkwe wangu, mama yake mtoto, alinisihi: "Mama, huo si mtihani." Nikamjibu kwamba wote waliowahi kuniambia hivyo walirudia darasa.

2. Nyuma ya barua mlitutaka tumweleze mtoto kwa maneno mepesi: utacheza na mama mmoja, mtaongea, kisha utarudi nyumbani. Mkaweka na picha ya chumba ili asishtuke. Nikahisi ni mtego. Mimi nikamwambia anakwenda kwenye mtihani mkubwa na ukoo mzima unamtegemea. Siku tatu hakula ila mkate uliokatwa ganda. Hilo nalo nalihesabu kuwa kosa lenu, maana yale maelezo mngeyaandika kwa herufi kubwa.

3. Mtahini alikaa sakafuni. Mtu mzima, vyeti vimejaa ukutani, amekunja miguu anapuliza mapovu ya sabuni! Robo saa nzima hakuuliza swali hata moja. Mtahiniwa wangu alipoona kimya kimezidi akatoa kwa mkupuo majibu yote kumi na manne niliyomkaririsha: shikamoo, sijambo, ndiyo nina marafiki wengi, asante na wewe je. Kwenye jibu la tisa akakohoa, kwa sababu siku niliyomfundisha la tisa mimi nilikohoa. Mtahini akamsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kwa upole nani kamfundisha. Mjukuu akaninyooshea kidole bila hata kugeuka. Nimekamata wengi wakiibia majibu maishani mwangu. Kukamatwa mwenyewe ilikuwa mara ya kwanza.

4. Kisha mkatuhoji sisi wazazi. Nilikuwa nimekwisha kata maneno: mtoto ana haya tu, amemfuata babu yake. Hapo mkwe wangu akatoa daftari kwenye mkoba. Kumbe tangu mtoto ana miaka miwili mwenzetu anaandika: maneno aliyoyasema kisha yakapotea, siku aliyojificha chini ya meza kwa jirani ameziba masikio, siku alizolia kwa sababu ya mshono wa soksi. Tunakaa nyumba moja na sikuwahi kuliona daftari hilo. Alipokuwa akisoma akaanza kulia, akasema si huzuni, ila ni mara ya kwanza mtu kumuuliza. Nalalamika kwamba karatasi za kufutia machozi zilikuwa tayari mezani, jambo linaloonyesha mlipanga.

5. Nilipouliza mtoto kapata ngapi, nikaambiwa hakuna kufaulu wala kufeli, kinachotafutwa ni namna ya kumsaidia. Mheshimiwa, pasipo kufeli watu watajuaje kwamba wamefaulu?

6. Mkimwandikia mjukuu wangu neno hilo la usonji, haki iko wapi? Babu yake alikula kwenye sahani moja miaka arobaini, na siku ilipovunjika alikula kwenye sufuria. Baba yake ni fundi bomba anayepanga spana kwa urefu, na ole wako uiguse moja. Mimi mwenyewe nina vifuniko vya kalamu nilivyovitenga kwa rangi. Mkimwandika mmoja, tuandikeni wote. Mkituandika wote, mtaa mzima unafuata. Mwishowe kituo kitakosa hata mtu wa kushika peni.

Kwa hiyo naomba: mfute kikao cha pili mlichotupangia Alhamisi, mtupe cheti kwamba amefaulu, na neno lile lisiandikwe popote. Nasema bila kuficha, naogopa. Naogopa shule itaona neno kabla ya kumwona mtoto.

Nisalimie mlinzi wa getini aliyemwacha Mkaguzi afungue na kufunga geti mara tatu bila kuguna. Nisalimie mama wa mapokezi, na mumwambie nimemsamehe kile kicheko. Yule wa sakafuni, Mungu amjalie magoti.

Wako mwenye uchungu na heshima zote,

Bibi wa Mkaguzi
Msimamizi wa Mitihani (mstaafu)

Nyongeza: Asubuhi hii nikitafuta gundi ya bahasha, mjukuu wangu amekuja kuniuliza tunarudi lini kule kwenu. Katika miaka yake sita mtoto huyu hajawahi kuomba kurudi mahali popote. Si shuleni, si kwa jirani, si kwa shangazi yake mwenye bembea. Nikamuuliza kuna nini huko. Akasema, "Bibi, kule hawanisahihishi." Yote niliyoandika hapo juu msiyasome. Alhamisi saa tatu watakuja, yeye na mama yake na daftari lao. Mimi nitangoja nje.