Sabuni Mbili kwa Themanini na Tano

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Mama watoto kasafiri kumuuguza dada yake. Kaniachia duka lake wiki nzima! Nikiliharibu, narudi kwa kaka yake kusugua vigoda kwa msasa. Nimemwambia aondoe wasiwasi.

Redioni: sarafu ndogo zimefutwa! Malipo yataishia na sifuri au tano tu. Jumla ikiishia na moja au mbili inashuka, tatu au nne inapanda. Sita au saba inashuka, nane au tisa inapanda. Nimeduwaa. Pesa ya bure hii!

Jumanne, tarehe 4
Sabuni tunanunua 43, tunauza 45. Nimebandika kwenye kila moja: BEI IMESHUKA, 43! Mteja anasoma 43, analipa 45 ileile. Bonge, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, kaja kusoma. Kaondoka mbio. Kanywea!

Jumatano, tarehe 5
Jamani! Mwalimu mstaafu kachukua mbili. 86. Kaweka 85, huyoo anaondoka. Nikalalamika imepungua moja. Akaniuliza kwa upole sarafu ya moja ataitoa wapi. Bahati nzuri mtaa mzima ni yeye tu anayejua hesabu.

Alhamisi, tarehe 6
Si yeye tu. Foleni! Kila mtu mbili mbili, anatoka, anarudi. Hasara ya moja kila mara, lakini nitafidia kwa wingi.

Ijumaa, tarehe 7
Sabuni zimekwisha. Nimevuka kwa Bonge kutafuta ya kuogea. Mungu wangu! Rafu zake zimejaa sabuni zenye vibandiko vyangu! Anauza 45. Nimelipa. Kanishukuru kwa wiki nzuri.

Jumapili, tarehe 9
Mama watoto karudi. Kaangalia rafu, kaangalia droo. Kachukua funguo. Kaka yake ananisubiri kesho asubuhi. Imeniuma kweli, nilitaka anisifie, hata mara moja tu.

Lakini kwa nini sikuandika 44? Mbili ni 88, inapanda hadi 90! Nimemkimbilia jikoni kumweleza. Akauliza, bila kugeuka, itakuwaje mtu akinunua tatu. Nimemwambia hakuna mtu duniani anayenunua sabuni tatu.

Isitoshe, kaka yake anauza vigoda. Kesho nitambandikia bei mpya.