Mshauri wa Kiinua Mgongo

Mshauri, kama alivyojiita tangu anunue tai, alimsikia mama mmoja benki akimuuliza mlinzi: "Mwanangu, nimestaafu ukunga, nimelipwa kiinua mgongo changu. Nitampata wapi mtu wa kunishauri niwekeze wapi?"

Mlinzi hakupata nafasi ya kujibu. "Shikamoo mama," alisema Mshauri, na muda si muda mama alikuwa ameketishwa ofisini kwake. Ofisi yenyewe ilikuwa ya fundi redio, aliyoikodi kwa saa, na kiti cha mteja kilikuwa spika kubwa iliyotandikwa kitambaa.

"Nimeshaonana na washauri wawili," mama alisema. "Wote wanaongea vizuri. Nitamjuaje wa kweli?"

Hapo ndipo mdomo ulipomponza. Angeweza kunyamaza, lakini sifa zilimpanda kichwani.

"Mama, usimpe mshauri hela yako kabla hajakupa yake. Anayeogopa kutoa ya kwake, ya kwako ataionea uchungu gani?"

Mama akatafakari. "Umenena, mwanangu. Basi lete yako, ilale kwangu usiku mmoja tu. Usiponipigia simu kwa wasiwasi, nitajua unaniamini. Kesho nakukabidhi yangu yote."

Hela ya kwake Mshauri hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni mkewe, ya kufungulia saluni, aliyoikusanya miaka na miaka kwa kusuka watu nywele kibarazani.

"Na ikipotea?" mkewe aliuliza.

"Mke wangu, kazi ya kupoteza hela za watu si ndiyo yangu mimi?"

Mkewe akacheka, akampa.

Jioni Mshauri akaipeleka nyumbani kwa mama, na usiku ule akaizima simu, mkono usije ukamsaliti. Asubuhi akarudi kwa mama, akakuta kufuli mlangoni na wanaume wawili wenye tai wameketi kwenye ngazi.

"Na wewe hukumpigia?" mmoja aliuliza.

"Sikumpigia."

"Mimi nilishamaliza naye vizuri kabisa," alisema wa pili kwa uchungu. "Jana mchana akarudi, eti kuna kijana kamfungua macho: usimpe mshauri hela kabla hajakupa yake. Huyo kijana nikimtia mikononi!"

Mshauri akakohoa, akatazama viatu vyake. Katika maisha yake yote ya kazi alikuwa ametoa ushauri wa kweli mmoja tu, na mteja aliufuata neno kwa neno, akapata faida siku hiyohiyo. Mungu amsamehe, kwa kitambo kidogo alijisikia fahari. Kisha akaikumbuka saluni, akashika njia ya nyumbani.

Alimkuta mkewe kibarazani, anamsuka jirani.

"Vipi, mtaalamu? Zimezaa?"

Mshauri akakaa chini miguuni pake, akavua tai.

"Nifundishe kusuka," alisema.

Mkewe akamtazama, akaitazama ile tai, kisha akampa kitana. Safari hii hakucheka.