Kifungu cha Tatu: Wa Mwisho Achague wa Kwanza

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mwezi unakaribia kuwa mpevu. Kuanzia keshokutwa wavuvi wataegesha mitumbwi, maana ndagala, dagaa wetu, hawafuati taa wakati mbalamwezi imejaa ziwani. Kwangu ni hasara. Kazi yangu ni kuchaji betri za taa zao. Bila giza sina kazi. Bila kazi nafikiri.

Wiki ya mbalamwezi ndiyo wiki ya kombe letu la fukwe. Timu nne: Rumonge, Magara, Kabonga, na sisi Minago. Mimi ni katibu wa Minago mwaka wa tano. Mwaka wa tano tunashika mkia. Sababu naijua: Magara wana injini mpya. Kijana yeyote akionekana anajua mpira, Jamali, katibu wao, anamtafutia nafasi kwenye mtumbwi mzuri. Kesho yake kijana ni wa Magara. Mwenye navyo anaongezewa.

Mama Jovita, mwenye kinu cha mawese na prezida wa timu yetu, ameniita. Jezi mpya zimefika kutoka Bujumbura. Za kijani, nzuri sana. Akasema pia kwamba kwaya ya parokia haina sare. Akanitazama. Nikaelewa. Asipoona tumaini wiki hii, Minago haina timu tena, na wanakwaya watamsifu Mungu wakiwa na namba mgongoni.

Jioni, ujumbe wa sauti kutoka kwa shemeji Boaz. Tulikuwa naye kambini Tanzania. Mimi nikarudi nyumbani, yeye akapelekwa Amerika, kwenye baridi. Huko anashabikia mpira wao, ule wa kubebwa mkononi na watu waliovaa kofia ngumu. Anasema wamepata dawa ya wenye nguvu. Kila mwaka vijana wapya wanapangwa mstari, na timu iliyoshika mkia inachagua kwanza. Bingwa anachagua mwisho, anaokota makombo.

Yampaye inka, naapa kwa aliyenipa ng'ombe! Nimesikiliza mara nne.

Nikamwuliza timu yake imefaidikaje. Amesema wamechagua wa kwanza miaka mitatu mfululizo na bado ni wa mwisho. Hilo ni tatizo la uongozi.

Jumatano, 3 Septemba

Kikao cha makatibu wanne, sokoni Magara. Nimesoma vifungu tisa nilivyoandika mwenyewe. Muhimu ni vitatu. Cha tatu: wa mwisho achague wa kwanza. Cha saba: hadi siku ya uchaguzi, kiongozi asiongee na kijana asiye na timu, wala na ndugu zake, wala asipokee zawadi yao. Cha tisa: kijana aliyechaguliwa ahamie ufuko wa timu yake na akae huko misimu mitatu.

Nilikuwa na hoja kumi na moja za kumshawishi Jamali. Alikubali kabla sijamaliza kifungu cha tatu. Hoja zimebaki mfukoni. Huu ndio uzuri wa kujiandaa.

Vijana wa kuchaguliwa ni wanne. Wa maana ni mmoja: Leonidasi, mzaliwa wa Kabonga, aliyeanza kuvuta nyavu hapa kwetu mwezi uliopita. Mguu wa kushoto kama nyundo.

Agnesi, mke wangu, ameuliza: kama Leonidasi anaishi hapa, kwa nini nisimwombe tu achezee Minago? Nimemweleza kwa upole kwamba hayo ni mawazo ya zamani. Jamali angemnyakua. Sasa sheria inamlinda. Sisi tunashika mkia kama kawaida, tunachagua kwanza, basi.

Binti yetu Eliana alikuwa kwenye cherehani. Aliposikia jina la Leonidasi akashona kidole. Nimemwambia awe makini.

Alhamisi, 4 Septemba

Mama Jovita ameukubali mpango, kwa shida. Amesema nashika mkia mara moja ya mwisho, na Leonidasi mkononi. Mkia bila Leonidasi, kwaya.

Mchana Leonidasi mwenyewe kabisha hodi. Shati limepigwa pasi. Akasema ana neno la nyumbani, si la mpira. Nikafunga mlango taratibu na kumsomea kifungu cha saba kupitia dirishani. Akauliza kama kifungu kinakataza hata salamu. Nikafikiri. Nikasema salamu inaruhusiwa. Akasema amahoro, akaondoka.

Eliana amevunja kikombe. Cha pili wiki hii.

Nimepanga kikosi. Golini nimemweka Bakari, fundi injini, miaka hamsini na minne, tumbo la kutosha. Nahodha nimempa siri: tufungwe. Bakari sikumwambia kitu, maana machozi yalimtoka. Amesema amesubiri siku hii tangu ujana.

Ijumaa, 5 Septemba

Minago 0, Kabonga 0. Magara 0, Rumonge 0.

Jambo la ajabu. Mshambuliaji wa Kabonga alibaki peke yake na Bakari, hatua tano kutoka golini. Akasimama. Akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa pekupeku.

Mwamuzi ni mwalimu Fabiola, anayefundisha michezo. Mechi ilipokwisha ameuliza kama tumekula vibaya.

Nashuku makatibu wengine wamekisoma kifungu cha tatu kwa makini.

Jumamosi, 6 Septemba

Minago 0, Rumonge 0. Magara 0, Kabonga 0.

Nahodha wa Rumonge alimfuata Fabiola na kumwomba kadi nyekundu. Kwa adabu, mikono nyuma. Fabiola amesema kadi haitolewi kwa maombi. Wachezaji wanne wa Rumonge wakaketi chini wakidai misuli imekaza. Wetu nao wakaketi. Kwa muda mpira ulikuwa peke yake katikati ya uwanja na mbuzi.

Watazamaji wanatutukana bila upendeleo. Muuza mihogo mmoja amesema timu zote nne zinacheza kama wakwe wanaopishana mlangoni.

Jumapili, 7 Septemba

Mwezi mpevu. Mechi hakuna. Ila kishawishi kikubwa!

Baada ya misa nimemkuta baba mdogo wa Leonidasi kibarazani kwangu. Katoka Kabonga. Wazee wengine wawili wenye makoti pembeni yake. Katikati, dumu la urwarwa, pombe ya ndizi safi kabisa, limefunikwa majani ya mgomba. Agnesi alikuwa ameshatandika mkeka na kutoa glasi. Alivaa kitenge cha sikukuu. Sikuulizwa.

Mzee akaanza mbali: mvua, barabara, afya ya ng'ombe. Nikaona anakoelekea. Nikamkatiza. Nikamwambia najua kilichomleta, kinahusu kijana wake, na jibu lisubiri uchaguzi wa Jumanne. Pombe siwezi kuipokea.

Akauliza kama narudisha pombe. Nikasema narudisha. Akauliza tena, polepole, kama narudisha pombe ya ukoo wake, ikiwa imejaa. Nikasema ndiyo, na mbele ya mashahidi. Nikaandika karatasi: "Dumu moja, limekataliwa." Nikamwomba asaini. Alisaini mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Uzee.

Agnesi ameshika kichwa kwa mikono miwili. Eliana kajifungia chumbani. Bugali wa jioni haukuwa na mboga.

Mtu mwenye mikono safi hula peke yake.

Jumatatu, 8 Septemba

Siku mbaya kuliko zote. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi: Kabonga 0, Rumonge 0. Mechi tano, bao hakuna. Nikapiga hesabu. Imebaki yetu na Magara. Atakayefungwa ni wa mwisho na anamchagua Leonidasi. Atakayefunga ni bingwa. Hakuna katikati.

Mama Jovita alikuja na jezi namba tisa juu ya kitenge. Jamali alikuja na kiti chake. Akanisalimia, akaniita bwana mwanasheria.

Wachezaji wetu walijitahidi sana. Bakari ameokoa mikwaju saba. Yote ya wachezaji wetu. Beki wetu mmoja alimpigia kombora kutoka hatua sita. Bakari akaruka na kulidaka kama kofia inayopeperushwa. Watu wakapiga vigelegele. Bakari akamwambia beki asihofu, kila mtu hukosea.

Upande wa pili Magara nao walikuwa wakimpigia kipa wao. Timu mbili, kila moja nyumbani kwake, kama majirani wasioongea. Fabiola alisimama katikati ameshika kiuno.

Dakika ya themanini na nane Bakari kadaka tena. Akaangalia mbele. Hakuona mtu. Akapiga kwa nguvu za miaka hamsini na minne. Upepo wa ziwa ukaubeba mpira. Ukadunda mara moja, mara mbili. Kipa wa Magara akasogea kando, kama anayempisha mama mkwe.

Minago 1, Magara 0.

Sisi ni mabingwa. Mara ya kwanza tangu ufuko huu uwe na timu. Wamembeba Bakari hadi majini. Mama Jovita kacheza mpaka kilemba kimeanguka. Kasema jezi ni zetu maisha yote, na kwaya waimbe walivyo. Watu mia wamenipa hongera. Hakuna hata mmoja aliyenipa pole.

Jumanne, 9 Septemba

Uchaguzi. Magara wa kwanza: Leonidasi. Jamali alitamka jina hilo akiwa anamenya chungwa. Leonidasi alisimama, akanitazama mimi, si Jamali. Sikuelewa.

Minago wa mwisho. Amebaki Abdul, mpwa wa Jamali. Amekuja na mwavuli. Amesema yeye hapendi mpira, anapenda kutazama ndege. Nimemwandikisha.

Nyumbani Agnesi ameamua kuongea. Aliongea kwa muda mrefu. Nafupisha. Leonidasi alikuja kumchumbia Eliana. Dumu lile ni la kufungulia maneno ya posa. Mji mzima unajua. Mpaka Fabiola. Kijana alishapata kiwanja cha kujenga hapa Minago, nyuma ya shule, na alikuwa amewaambia wenzake mtumbwini kwamba atachezea timu ya mkwe wake, bure, hadi miguu ichoke.

Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Agnesi akaleta karatasi yangu ya dumu na kuiweka mbele yangu.

Sasa kwa kifungu cha tisa atahamia Magara misimu mitatu. Akioa, Eliana anamfuata. Wajukuu zangu watashangilia Magara. Na akioa ni neno kubwa, maana ukoo wake unasema pombe yao ilirudishwa kwa saini.

Eliana amepita, macho mekundu. Nimemwita. Akasema, "Baba, usinisomee kifungu." Nilikuwa nimeshika daftari tu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeendesha baiskeli hadi kwa mzee, aliyefikia kwa ndugu zake hapa Minago. Nimepiga magoti. Sikuleta karatasi yoyote. Mzee kakoka moto na kuchemsha chai kwanza. Kisha akasema watarudi Jumapili, kwa sharti moja: pombe ya safari hii nailipa mimi, madumu mawili, na mbele ya wageni wote glasi ya kwanza niinywe mimi bila kusema neno. Nimekubali. Wazee wamecheka mpaka mmoja kakohoa.

Eliana ameweka chumvi kwenye mboga. Kuna mboga.

Imebaki kumrudisha Leonidasi Minago. Nimemtumia Boaz swali. Amejibu haraka: huko Amerika mchezaji aliyechaguliwa anabadilishwa. Unatoa mchezaji wako, au unatoa zamu zako za kuchagua miaka ijayo.

Zamu za miaka ijayo! Kitu ambacho hakipo hata bado! Sikulala kwa furaha.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefika Magara saa tatu asubuhi. Jamali kanikaribisha chai na maandazi. Nikaweka mezani: Bakari, pamoja na zamu yetu ya kwanza ya kuchagua, miaka mitatu mfululizo. Yeye anirudishie Leonidasi.

Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Akaita mashahidi. Akaleta kalamu yake. Nilikuwa tayari kuongeza hata mwaka wa nne, nimeuokoa.

Nikamwuliza kama hataki kufikiri kwanza. Akasema, "Bwana mwanasheria, wewe ukileta karatasi mimi nasaini. Sijawahi kujuta."

Heshima ya namna hiyo sijaipata hata kwa wazazi wangu.

Nyumbani Agnesi ana habari yake. Anasema Leonidasi alimwambia Jamali tangu Jumanne kwamba Magara hahamii, hata wampe mtumbwi wenye injini mbili. Afadhali aache mpira. Anasema Jamali alikuwa na karatasi tu, hana mchezaji. Anasema nimetoa kipa bingwa na miaka mitatu kununua mtu ambaye Jumapili anakuja kwa miguu yake mwenyewe. Hajaelewa. Karatasi ni karatasi.

Bakari ameniuliza Magara ni mbali kiasi gani kwa mtu mwenye magoti yake. Mama Jovita ananitafuta. Ametuma watu wawili. Bila shaka hongera nyingine.

Mwezi unaanza kupungua. Wavuvi wametengeneza taa, betri sita zinanisubiri. Lakini mpango wa mwaka ujao nimeshauandika, ni mwepesi kabisa. Bakari hayupo, kwa hiyo hakuna wa kutuharibia. Tutashika mkia bila wasiwasi, halafu tutachagua wa kwanza.

Agnesi ameuliza kama zamu ya kwanza si ile niliyompa Jamali leo asubuhi.

Nimemwambia asubiri. Boaz hajajibu.