Diski Iliyopanuliwa Ikabaki Ilivyo

Masjala, Ghorofa ya Chini
Jumatano

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Ghorofa ya Tatu.

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: GIGABAITI SITINI ZISIZOINGIA NDANI

Nakuandikia kama karani wa masjala, si kama mjomba wako. Ukitaka kunijibu kama mpwa, subiri Jumapili tukiwa kwa mama yako. Hapa tuko kazini.

Unajua kwamba nastaafu tarehe thelathini. Nimebakiza majalada mia mbili na kumi ya kupiga picha na kuingiza kwenye mashine yenu ya Linux. Nilipoajiriwa nilikuta rafu zimejaa mpaka mlangoni, na hamu pekee niliyobaki nayo katika kazi hii ni kufunga mlango huo nikiwa nimeziacha tupu. Tangu Ijumaa siwezi kuingiza hata ukurasa mmoja, maana mashine inasema imejaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wako, huyu tunayemwita Subiri Kidogo, alikuja Jumatatu, akagonga vitufe, akatangaza kwamba diski imetoka gigabaiti arobaini na kufika mia moja. Nilimshukuru, hata nikampisha kwenye kiti changu chenye mto. Alipoondoka nikajaribu kuingiza jalada moja. Imejaa! Nikampigia simu, akasema, "Mzee, diski imeongezeka, ila ile sehemu unayotumia bado haijapanuliwa." Yaani nimeongezewa kiwanja, ukuta wa ua uko palepale. Naomba kuelezwa hizo gigabaiti sitini zinafanya nini nje ya ukuta.

2. Niliomba nikaione hiyo mashine tuongee ana kwa ana. Nikaambiwa haina mwili. Ni mashine pepe, inaishi ndani ya mashine nyingine. Sikubishana, mimi ni mtu mzima.

3. Jana Subiri Kidogo alirudi akausogeza ukuta. Mashine ikasema bado imejaa. Akaniambia, bila hata kupepesa macho, kwamba sehemu imepanuka ila mfumo wa mafaili uliomo ndani haujajua. Haujajua! Mimi nilipohamishwa kutoka ghorofa ya pili nililetewa barua nikaisaini. Naomba mfumo huo nao uandikiwe barua rasmi yenye muhuri, na usaini mbele ya shahidi.

4. Naomba pia uchunguzi ufanyike kujua nani aliijaza mashine hapo mwanzo. Nawashuku nyinyi wa ghorofa ya tatu na filamu zenu. Mimi nitolewe katika orodha ya washukiwa. Kila jioni kabla ya kuondoka hutengeneza nakala ya kila kilichomo, ndani ya mashine hiyohiyo, kama ulivyonifundisha mwenyewe mezani kwa mama yako, mdomo umejaa chakula: "Mjomba, weka nakala kila siku." Nilianza Jumatatu ya wiki iliyopita na sikuzembea. Mtu mwenye utaratibu wa namna hii hawezi kujaza diski.

5. Kama mpaka kesho mambo yatakuwa hivihivi, wewe na watumishi wako kumi na watatu mshuke hapa, kila mmoja akariri majalada kumi na tano, kwa kuwa naamini vichwani mwenu nafasi bado ipo. Wewe utaanza na la mgogoro wa maegesho, ambalo ni nene kama godoro. Na kustaafu kwangu kuahirishwe hadi mfumo wa mafaili utakapopata habari.

Sisemi haya kwa ubaya. Naogopa, mwanangu. Naogopa atakayekalia kiti hiki aje aone rafu zimejaa aseme mzee alichoka.

Msalimie mkeo na watoto. Mama yako mwambie sufuria lake nitalirudisha. Msalimie na Subiri Kidogo. Adabu anayo, ni ufundi tu unaomchelewesha.

Wako katika utumishi,
Karani wa Masjala
(na mjomba wako, siku za mapumziko)

Nakala: Mkurugenzi, Ofisa Utumishi, Mlinzi wa Geti, Mama yako.

N.B. Subiri Kidogo ameingia nikiwa natafuta bahasha. Ameandika mstari mmoja tu, mfumo wa mafaili ukapata habari, gigabaiti mia zote zikafunguka. Kwa furaha nikatengeneza nakala ya leo papo hapo, na ya kesho pia nisije nikasahau. Imejaa tena. Fundi akachungulia ndani, akakaa sakafuni akicheka mpaka machozi. Kumbe kila nakala yangu ilikuwa inazibeba na nakala zote zilizotangulia. Jumatatu ile ya wiki iliyopita, asubuhi, masjala nzima ilikuwa gigabaiti nne. Jioni nane, Jumanne kumi na sita, Jumatano thelathini na mbili, na Alhamisi ikagonga dari. Amezifuta zote, akaihifadhi nakala moja kwenye flashi. Jalada la kwanza kati ya yale mia mbili na kumi limeshaingia, nimelishuhudia kwa macho yangu, na nafasi iliyobaki inanitosha mimi na makarani watatu watakaonifuata. Hata zile arobaini za mwanzo zingetosha.

Kwa hiyo naomba uichane barua hii ukishaisoma. Shida ni zile nakala nne: kwa mazoea, nilizituma kabla ya barua yenyewe. Mama yako ameshapiga simu mara mbili, anauliza kwa nini unamnyima mjomba wako nafasi.